Baada ya picha za uzinduzi, nani anamwagilia?

Ukitaka kujua kama mradi wa mazingira uliwahi kupita kwenye mtaa, tafuta kibao. Kina nembo za wafadhili, idadi ya miche iliyopandwa na tarehe ya uzinduzi. Kwa kuwa hakihitaji maji wala hakiliwi na mbuzi, kibao hudumu. Miche yenyewe ni habari nyingine.

"Ajira za kijani", yaani kazi za kulipwa za kutunza mazingira, ni maneno yaliyozoeleka sasa kwenye mipango ya kufufua mitaa ya watu wa kipato cha chini, na karibu kila mpango unazihesabu kwa namna ileile: vijana kadhaa, siku kadhaa, miti kadhaa. Hesabu hiyo inapima siku ya kupanda. Kupanda mti mmoja wa barabarani ni kazi ya saa moja au mbili kwa watu wawili, ilhali kuufikisha mti huo pale unapojitegemea ni kazi ya misimu miwili au mitatu. Kusafisha kiwanja kilichogeuka jalala kunamalizika kwa siku mbili, lakini kukizuia kisirudi kuwa jalala ni kazi ya kila wiki isiyo na mwisho. Ajira yenyewe iko kwenye matunzo, na huko ndiko bajeti nyingi hukatikia njiani.

Tuanze na miti, kwa kuwa ndiyo inayopigwa picha zaidi.

Mitaa maskini haikukosa miti kwa bahati mbaya. Marekani, katika miaka ya 1930, ramani za mikopo ya nyumba zilizungushia mistari myekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari, mingi yao ikiwa ya watu weusi na wahamiaji, na fedha zikaacha kuingia humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia miji 108 ya nchi hiyo na kukuta kwamba maeneo yaliyochorewa mistari ile bado yana joto zaidi ya maeneo yaliyopendelewa, kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi. Ni lami, zege, paa nyeusi na vivuli ambavyo havikuwahi kupandwa. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk alipendekeza mwaka 2021 kipimo rahisi cha 3-30-300: kila mtu aone angalau miti mitatu kutoka nyumbani kwake, mtaa uwe na kivuli cha miti kwa asilimia 30, na sehemu ya kijani iwe ndani ya mita 300. Kipimo kizuri, ila hakisemi nani ataifikisha miti kwenye umri wa kutoa kivuli.

Mti wa barabarani huuawa na mambo machache yanayojulikana. La kwanza ni shimo. Liwe na upana wa mara mbili hadi tatu ya donge la mizizi, na kina kisichozidi urefu wa donge hilo. Wengi hufanya kinyume: wanachimba shimo refu na jembamba kama la nguzo, wanatia udongo laini chini, wanasimamisha mche juu yake, kisha mvua mbili tatu zinashusha udongo pamoja na mche. Shina likizikwa, gome huanza kuoza. Alama ya kuangalia ni pale shina linapotanuka kabla ya kugawanyika kuwa mizizi. Sehemu hiyo ionekane juu ya ardhi siku ya kupanda, na ionekane bado mwaka mmoja baadaye.

Kwenye udongo wa mfinyanzi kuna tatizo jingine. Ukichimba kwa chepeo wakati wa unyevu, kuta za shimo hulainika na kung'aa kama ndani ya chungu, na mizizi michanga hushindwa kupenya. Zikwaruze kwa ncha ya sururu. Mche uliokaa sana kitaluni huwa na mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko. Ikate wima kwa kisu chenye makali, sehemu tatu au nne, la sivyo itaendelea kujizungusha ardhini na miaka kadhaa baadaye itaunyonga mti wenyewe. Na mfuko wa plastiki uondolewe wote. Hilo linaonekana halihitaji kusemwa, mpaka ung'oe mche uliokufa ukute bado umevaa mfuko wake.

Matandazo yawe ya unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Acha nafasi ya upana wa kiganja pande zote. Kilima cha matandazo kilichoegemea shina huhifadhi unyevu kwenye gome na kukaribisha panya. Vijiti vya kuegemeza mti vifungwe kwa mkanda mpana, kamwe si kwa waya, na viondolewe baada ya mwaka mmoja. Mti usioachwa kuyumba kidogo na upepo hauneneshi shina.

Kisha maji. Kwa mti wa ukubwa wa kupandwa barabarani, lita 40 hadi 60 kwa wiki wakati wa kiangazi, kwa misimu miwili ya kwanza, tena zimwagwe polepole. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa tundu moja la msumari chini hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mpira wa maji, kwa sababu maji yanazama badala ya kukimbilia mtaroni. Sasa piga hesabu. Watu wawili wenye mkokoteni na pipa la lita 200 wanahudumia miti minne kwa safari, ukichukua lita 50 kwa kila mti. Tuseme kujaza, kusukuma, kumwaga na kurudi ni dakika 40. Kwa saa sita wanafanya safari tisa, yaani miti 36; kwa siku tano, miti 180. Miti 1,000 inataka mikokoteni sita na watu 12, kila wiki ya kiangazi, kwa miaka miwili. Mradi wa miti 1,000 usiowataja watu hao 12 haujapanga miti 1,000, umepanga mashimo 1,000.

Hata mti uliovuka utoto una maisha mafupi barabarani. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2011 ulikadiria wastani wa maisha ya mti wa barabarani kuwa miaka 19 hadi 28. Ukichukulia kwamba asilimia 5 hufa kila mwaka, baada ya miaka 20 utabaki na kama theluthi moja tu. Kwa hiyo upandaji wa kuziba mapengo nao ni kazi ya kudumu, pamoja na kupogoa katika miaka ya mwanzo ili matawi yasije yakagombana na nyaya na magari. Mtunzaji akiwa mkazi wa mtaa huohuo, mti uliogongwa usiku anauona asubuhi. Akiwa ni wa kampuni inayotoka mbali, anauona kwenye ziara ya robo mwaka, akiwahi.

Kiwanja kinachotupiwa taka ni mfano bora zaidi wa hoja hii kuliko hata miti, kwa sababu kuna jaribio lililoipima. Mjini Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa na kuamua kwa kura vipi vihudumiwe na vipi viachwe kama vilivyo. Huduma haikuwa ya ajabu: kuondoa taka, kusawazisha ardhi, kupanda nyasi na miti michache, kuweka uzio mfupi wa mbao wenye nafasi ya kuingilia, kisha kurudi kila mwezi kufyeka na kuokota taka. Katika mitaa maskini zaidi, ukatili wa kutumia bunduki ulipungua kwa asilimia 29 kuzunguka viwanja vilivyohudumiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018, na wakazi waliokuwa jirani na viwanja hivyo walisema pia kwamba wanahisi unyong'onyevu kidogo kuliko awali.

Sehemu ya huduma ile ninayoipenda zaidi ni uzio. Hauzuii mtu, mtoto anaupita bila kuinama. Unachozuia ni gari la kumwaga kifusi. Kabla ya kusafisha kiwanja chochote, jua taka zake zinafikaje. Kifusi, matairi na mabaki ya ujenzi huletwa na magari, mara nyingi usiku, na dawa yake ni nguzo zilizosimamishwa kwa umbali wa mita moja na nusu au chini ya hapo, au mawe makubwa, au mtaro. Mifuko midogo ya taka za nyumbani huletwa kwa miguu na majirani ambao hawana mahali pengine pa kuitupa, na kwao uzio si dawa. Dawa ni huduma ya kukusanya taka. Ukichanganya dawa hizo mbili, utakuwa unasafisha kiwanja kilekile kila baada ya miezi mitatu.

Na kabla hujapanda mboga kwenye kiwanja hicho, pima udongo. Hatari kubwa ya udongo wa mijini ni madini ya risasi. Yametoka kwenye rangi za zamani zilizobanduka kutani na kwenye petroli iliyotiwa risasi, ambayo ilikoma kuuzwa duniani kwa magari ya kawaida mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho. Risasi haiozi wala haiyeyuki na mvua. Iliyoanguka zamani bado ipo kwenye sentimita chache za juu. Chukua sampuli ndogo 10 hadi 15 kutoka sehemu mbalimbali za kiwanja, kina cha sentimita 15, zichanganye kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo maabara. Ukanda unaopakana na kuta za zamani uuchukulie sampuli yake peke yake, kwa sababu huko ndiko rangi ilikoangukia, na ukiuchanganya na kiwanja kizima unaficha tatizo. Mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 za risasi kwa kilo hadi 200.

Majibu yakiwa mabaya, haimaanishi kiwanja kimekufa. Tengeneza matuta yaliyoinuliwa, ya kina cha sentimita 30 au zaidi, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali palipopimwa, na chini yake tandika kitambaa kinachopitisha maji. Njia kati ya matuta zifunikwe kwa vipande vya mbao, maana hatari kuu si kile mmea unachonyonya bali vumbi kwenye majani na mikononi mwa watoto. Mazao ya matunda kama nyanya na bilinganya hubeba risasi kidogo kuliko karoti na majani. Kuongeza mboji na kutoiacha ardhi iwe na asidi husaidia risasi kushikamana na udongo. Mtoto anayechezea hapo aoshwe mikono. Hilo halina mbadala wa kitaalamu.

Sasa mboji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi ya kijani yenye kudumu kuliko zote kwenye mtaa, kwa sababu rahisi: taka za jikoni hazikosekani hata siku moja. Kinachokosekana ni makavu ya kuchanganya nazo, kama majani na maranda. Kila anayeanza hudhani shida itakuwa kupata taka mbichi, na wiki ya tatu anajikuta amekaa juu ya biwi linalotoa maji na inzi.

Chukua nyumba 200, kila moja ikitoa kilo moja ya mabaki ya jikoni kwa siku. Hiyo ni kilo 1,400 kwa wiki. Lita moja ya mabaki hayo ina uzito wa kama nusu kilo, kwa hiyo ni takriban lita 2,800. Biwi linalofanya kazi vizuri linataka uwiano wa kaboni (iliyojaa kwenye makavu) na nitrojeni (iliyo zaidi kwenye mabichi) wa kati ya 25 na 30 kwa 1, na kwa vitendo hilo ni kipimo kimoja cha mabichi kwa viwili au vitatu vya makavu, kwa ujazo. Ukichukua viwili tu, unahitaji lita 5,600 za makavu kila wiki, sawa na magunia 56 ya lita 100: majani makavu, maranda kutoka kwa maseremala, maboksi yaliyochanwachanwa, matawi yaliyokatwakatwa. Mkataba na maseremala na wapogoaji miti usainiwe kabla ya kumwomba mtu yeyote atenge taka zake. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yakataliwe, hata yakitolewa bure, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki.

Biwi lenyewe huanza na tabaka la matawi magumu, sentimita 15 hadi 20, ili hewa ipite chini. Juu yake mwaga mabichi, changanya na makavu papo hapo kwa reki au uma wa shambani, kisha funika kwa makavu matupu. Usiache bichi hata moja ikionekana. Urefu uwe kati ya mita 1.2 na 1.5. Chini ya mita moja ya ujazo biwi halitunzi joto. Juu sana linajikandamiza na hewa inaisha. Unyevu hupimwa kwa mkono: kamua konzi moja, itoe tone moja au mawili. Ikichuruzika ni maji mengi, ikitawanyika kama pumba ni kavu mno.

Ndani ya siku mbili hadi tano joto linatakiwa lipande hadi nyuzi 55 au zaidi. Kwa mabiwi ya wazi, kanuni inayotumika sana ya kuua vijidudu vya maradhi ni kubaki juu ya nyuzi 55 kwa siku 15, huku biwi likigeuzwa angalau mara tano ili yaliyo nje yaingie ndani. Kipimajoto chenye fimbo ya nusu mita kinalipa gharama yake mwezi wa kwanza. Asiye nacho achomeke nondo katikati kwa dakika kumi. Ikitoka huwezi kuishika, biwi linafanya kazi. Joto likivuka 70, geuza na nyunyiza maji, kwa kuwa hapo hata vijidudu vinavyokufanyia kazi vinakufa.

Pua ndiyo kifaa cha pili. Harufu ya yai bovu inasema hewa imekwisha: geuza, ongeza matawi. Harufu kali inayochoma macho, kama ya mkojo wa zamani, ni nitrojeni iliyozidi, na dawa yake ni makavu. Biwi baridi lisilonuka ama ni kavu, ama ni dogo, ama ni majani matupu. Panya wakionekana, kuna aliyeweka nyama au chakula kilichopikwa bila kukifunika. Fukua sehemu hiyo, iweke katikati ya biwi moto, na wavu wa waya wenye matundu madogo utandikwe chini ya biwi linalofuata. Majirani watavumilia mengi, lakini si harufu. Mradi mzuri unaweza kufungwa na wiki moja ya biwi lililoachwa bila kugeuzwa, na ninaona hiyo ndiyo sababu inayoua miradi ya mboji ya mitaani kuliko ukosefu wa fedha.

Baada ya joto kushuka, iache ipevuke. Jumla ya safari yote ni miezi mitatu hadi sita. Chekecha kwa wavu wa milimita 10 au 12, mabaki makubwa yarudi kwenye biwi jipya. Kuna vipimo viwili visivyogharimu kitu. Cha kwanza: funga konzi chache za mboji yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu. Ukifungua ikanukia udongo, imepevuka, ikanuka, bado. Cha pili: panda maharage kwenye mkebe wa mboji na mkebe mwingine wa udongo unaouamini. Majani ya maharage yakijikunja na kupindapinda kwenye mboji, kuna uwezekano mkubwa kwamba samadi au nyasi ulizotumia zilipuliziwa dawa ya magugu, aina ambayo hupita hata kwenye tumbo la mnyama na kwenye joto la biwi bila kuharibika. Mboji hiyo usiipeleke kwenye bustani ya mtu.

Wafanyakazi wapewe chanjo ya pepopunda kabla ya siku ya kwanza, na ya homa ya ini aina ya B kama wanagusa taka zilizochanganywa, kwa sababu ndani yake kuna sindano. Glavu nene, buti, koleo la kuokotea, na mask wakati wa kugeuza, maana vumbi la biwi kavu limejaa ukungu. Ndoo isizidi kilo 25 ikijaa. Kuna vikundi vinavyosifia uchapakazi wa kijana anayebeba kilo 50. Baada ya mwaka mgongo wake ndio unaolipa.

Maji ya mvua nitayapitia haraka zaidi, ingawa kwenye mitaa ya mabondeni ndiyo yanayosumbua kwanza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 25 linamwaga lita 2,500. Bustani ya mvua, yaani bonde dogo lenye mimea inayovumilia maji na ukame, ikiwa na kina cha sentimita 15, itahitaji mita za mraba 17 hivi kuyapokea yote. Kabla ya kuichimba, fukua shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Chini ya milimita 12 au 13, hapo si mahali pake. Maji yaliyosimama yaishe ndani ya saa 48, kabla mbu hawajapata muda wa kukua. Iwe mita tatu au zaidi kutoka kwenye misingi ya nyumba, iwe na njia ya kutolea maji yaliyozidi, na mwanzoni mwake pawe na kishimo cha mawe cha kunasa mchanga na mifuko. Kishimo hicho kisipozolewa baada ya kila mvua kubwa, tope linaziba bustani nzima ndani ya misimu michache. Tumerudi palepale: mtu mwenye chepeo, anayelipwa kwa mwezi.

Paa jeupe, yaani lililopakwa rangi nyeupe ili lirudishe mwanga wa jua na kupunguza joto, ni hivyohivyo. Osha, acha likauke, paka mara mbili, na ukumbuke kwamba vumbi hupunguza mng'ao, kwa hiyo kuliosha ni sehemu ya kazi.

Basi fedha zitoke wapi? Jibu lisilopendwa ni kwamba mboji haitalipa mishahara, wala miche ya kuuza, wala chupa za plastiki peke yake. Kinacholipa ni huduma. Mjini Pune, India, waokota taka, wengi wao wanawake, waliunda ushirika wao uitwao SWaCH, na mwaka 2008 wakaingia mkataba na halmashauri ya jiji. Kila nyumba inalipa ada ndogo ya mwezi kwa anayepita mlangoni, na chochote cha kuuzika ndani ya taka ni chake. Ada ni mshahara, chuma na karatasi ni nyongeza. Bei ya plastiki ikianguka, mtu halali njaa. Curitiba, Brazil, ilipita njia nyingine mwaka 1991: kwenye mitaa ambayo malori hayakuweza kuingia, wakazi walileta wenyewe taka zinazorejelezwa, na kwa kila kilo nne walipata kilo moja ya matunda na mboga. Ni mpango wenye akili wa kusafisha mtaa na kulisha watu. Lakini huo si ajira, na usihesabiwe hivyo.

Mafunzo pia yana mtego wake. Kule South Bronx, New York, shirika la Sustainable South Bronx, lililoanzishwa na Majora Carter mwaka 2001, lilianza mwaka 2003 kuwafundisha wakazi kazi za kurejesha kingo za mito, kutunza miti na kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Mafunzo ya namna hiyo yana thamani pale tu mwajiri yupo tayari kabla darasa halijaanza. Darasa la vijana 30 kwa nafasi za kazi nne ni njia ya kuzalisha vyeti na uchungu. Bora kufundisha sita na kuajiri sita.

Kinachoviua vikundi vya mtaani baada ya kupata kandarasi ni kalenda. Mfanyakazi anakula kila siku, halmashauri inalipa baada ya siku 60 au 90. Kampuni kubwa inakopa benki kuziba pengo hilo. Kikundi cha watu 12 kinasambaratika mwezi wa pili. Kabla ya kusaini, dai malipo ya awali yanayotosha mishahara ya miezi mitatu, au mpate mkopo wa mzunguko uliokwisha kubaliwa kwa maandishi. Na kazi ikatwe vipande vidogo: zabuni ya kutunza mji mzima itakwenda kwa mwenye malori hata mkiweka maneno mazuri kiasi gani kuhusu wakazi.

Kuna jambo moja linalofanya watu wa mitaa hii watazame mche kwa mashaka, na wana haki. Mtaa ukipendeza, kodi ya nyumba inapanda, na waliokuwa wakimwagilia wanahama. Kule Boston, Marekani, wakazi wa eneo la Dudley Street walilitambua hilo mapema. Walijiunga mwaka 1984 katika mtaa uliokuwa na viwanja vitupu karibu 1,300, na mwaka 1988 wakapata kutoka kwa jiji mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa katikati ya mtaa wao. Ardhi hiyo iliwekwa kwenye dhamana ya pamoja: nyumba zinauzwa na kupangishwa, ardhi chini yake haiuzwi. Si kila mji utatoa mamlaka kama hayo, lakini hata hati ya miaka 20 ya matumizi ya kiwanja ni tofauti na ruhusa ya mdomo ya mwenye kiwanja anayengoja bei ipande.

Kwa anayeandika mkataba wa matunzo sasa hivi, vifungu vinavyofanya kazi ni vichache. Malipo yawe ya mwezi, kwa kila mti ulio hai na kila kiwanja kilicho safi, si kwa kila mche uliopandwa. Hesabu ifanyike mara nne kwa mwaka na watu wawili kwa pamoja, mmoja wa kikundi na mmoja wa anayelipa, kila mti ukiwa na namba yake kwenye ramani. Mti uliouawa na gari, ujenzi au mifugo uandikwe kando na usikatwe kwenye malipo ya mtunzaji. Mikokoteni, mapipa na kipimajoto viandikwe kuwa mali ya kikundi tangu siku vinaponunuliwa, ili mradi ukifungwa visirudi ghalani kwa mfadhili. Na agizo la miche ya kuziba mapengo lifike kitaluni miezi miwili kabla ya mvua, likiwa na idadi iliyotoka kwenye hesabu ya mwisho.